Mbolea ya Semkiwa

Uboho wa Mzee Mdoe ulikuwa umepona ndani ya chupa, lakini Mzee Mdoe mwenyewe alikuwa hajapona.

Binti yake Mwajabu alikuwa ameinamia darubini tangu asubuhi, na kadiri alivyotazama ndivyo alivyozidi kutoelewa. Kazi yake hapo hospitali ya Kwediboma ilikuwa kusoma uboho, ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa ambayo ndiyo inayozaa damu. Mgonjwa wa saratani ya damu alitolewa uboho kidogo kwa sindano, ukaoteshwa kwenye chupa, na dawa zote zikajaribiwa humo kwanza, ili kama ni kuharibika iharibike chupa, asiharibike mtu. Chupa hiyo waliiita kivuli. Chuoni walikuwa wamekaririshwa kwamba kivuli hakidanganyi: kinachokufa ndani yake hufa na mwilini.

Haya, kivuli cha baba kilikuwa safi. Seli mbovu zote zilikuwa zimekufa kwa dozi ya kwanza tu, karibu mtu apige vigelegele. Lakini huko wodini mifupa ya baba ilizidi kutoboka, damu ilizidi kupungua, na juzi alikuwa amevunjika ubavu kwa sababu ya kupiga chafya. Chafya tu, tena si kubwa.

"Umechanganya chupa," alisema Daktari Shemweta, mkuu wa kitengo, akiwa amesimama nyuma yake na bilauri ya chai.

"Sijachanganya, daktari."

"Basi nimechanganya mimi?"

"Sijasema hivyo."

"Ndiyo maana kanuni inakataza mtu kusoma uboho wa mzazi wake. Jicho la mtoto linaona linachotamani."

"Kanuni hiyo hiyo inasema wasomaji tuwe wanne," Mwajabu alijibu bila kuinua kichwa. "Nitajie huyo wa pili, nimwachie kiti sasa hivi."

Shemweta alicheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mmoja wa wale wanaoamini kwamba matatizo yote ya dunia yametokana na mtu fulani kusahau kubandika lebo. Alinywa chai yake, akafikiri, kisha akatoa ushauri ambao hata yeye mwenyewe hakuonekana kuuamini sana.

"Katoe uboho mwingine. Na safari hii usiuoteshe. Utazame mbichi, kama ulivyotoka mfupani."

Uboho mbichi hakuna aliyeutazama siku hizi. Mashine ya kuoteshea ilichagua seli za mgonjwa mwenyewe, ikazipanda, na kitu kingine chochote ilichokikuta kikaoshwa kama uchafu. Mwajabu aliona ni kupoteza muda. Lakini hakuwa na wazo jingine, na kichwa kilikuwa kinamuuma, kwa hiyo alichukua sindano akaenda wodini.

* * *

Nje ya mlango wa wodi alimkuta Mzee Semkiwa amekaa kwenye benchi, akimenya chungwa kwa kupapasa. Alikuwa rafiki mkubwa wa baba, mrefu, mkimya, macho yamefifia kwa miaka ya kufanya kazi kwenye mashimo ya mvuke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnamtoboa tena?"

"Kidogo tu."

"Mtammaliza kwa kumtoboa. Haya, nenda. Mwambie chungwa linakuja."

Mwajabu alimtoboa baba yake, baba akasema maneno ambayo baba hapaswi kuyasema mbele ya binti yake, na nusu saa baadaye tone la uboho lilikuwa chini ya darubini.

Alichokiona kilimfanya avue miwani, aifute, na kuivaa tena.

Juu ya ngozi ya kila seli kuna molekuli zilizochomoza nje, nyingine za kushikia na nyingine za kupokelea. Zile za kushikia, vishikizo, huifunga seli kwa jirani yake. Zile za kupokelea, vipokezi, hungoja kichocheo, kemikali ndogo inayomwagwa na jirani, na kikishatua juu yake habari hupita ndani mpaka kwenye kiini: kua, gawanyika, usife bado. Kwa seli nzima habari huja, hufanyiwa kazi, kisha hunyamaza. Seli ya saratani hainyamazi. Inamng'ang'ania jirani kwa vishikizo, na kule kung'ang'ania kwenyewe kunamfanya jirani azidi kumwaga kichocheo, na kadiri inavyolishwa ndivyo inavyoota vishikizo vipya. Ni mpangaji aliyemfanya mwenye nyumba ampikie. Tena akiwa amejibanza ukutani kwa mwenye nyumba, hata dawa ikipita haimpati.

Mwajabu alilijua hilo vizuri, lilikuwa somo la mwaka wa kwanza. Kilichomchanganya ni huyo mwenye nyumba. Seli mbovu za baba hazikuwa zimewashika majirani wa kawaida. Zilikuwa zimejazana kuzunguka seli nyingine, kubwa, nono, zinazomwaga kichocheo usiku na mchana bila kuombwa. Na kila moja ya hizo nono ilikuwa na chapa ya namba juu ya ngozi yake.

Hiyo ilikuwa mbolea.

Umeme wa nchi nzima ulitoka kwenye joto la chini ya ardhi, na wanaume walioshuka mashimoni kulitafuta waliungua uboho huko chini, wakapanda juu weupe kama karatasi. Kwa hiyo kampuni ilibuni seli za kutengenezwa ambazo huingia mifupani, hukaa, na kumwaga vichocheo ili damu izaliwe upya. Jina lake la kitaalamu lilikuwa refu, watu wakaliacha na kuziita mbolea. Zilivikwa ngozi ambayo kinga ya mwili haiitambui, na kila mfanyakazi alipewa zake zenye namba yake. Namba moja, mwili mmoja.

Baba hakuwahi kushuka shimoni hata siku moja. Alikuwa mpishi wa kambi ya juu. Kazi yake yote ilikuwa maharage.

Mwajabu aliisoma namba, akaiingiza kwenye mashine ya msajili wa mbolea, akangoja. Jina lilipotokea alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akanyanyuka, akaenda dirishani, akamwona mwenye jina lile ng'ambo ya uwanja, bado amekaa kwenye benchi, anatoa kokwa za chungwa moja moja ili mgonjwa asipate taabu ya kuzitema.

* * *

"Baba, una seli za Mzee Semkiwa mwilini."

Mzee Mdoe alikuwa amelala chali. Alifumba macho kidogo, kisha akafungua vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Chini ya titi la kushoto kulikuwa na chale mbili fupi, za zamani, ambazo Mwajabu alikuwa ameziona mara nyingi akidhani ni za kuchanjwa dawa utotoni.

"Tulichanjiana," alisema.

"Lini?"

"Kabla hujazaliwa. Usinikasirikie, hukuulizwa kwa sababu hukuwepo."

Akamsimulia. Kule mashimoni mtu akifa na hana ndugu wa kumdai, kampuni haihangaiki kumpandisha. Humtia ukutani, ikammiminia zege, ikaendelea kuchimba. Semkiwa hakuwa na baba wala mama, hakuwa na mke, wala mtoto. Kuta hizo alikuwa amezimimina mwenyewe kwa mikono yake, na kila akipanda juu kula alikuwa hali.

"Nikamuuliza, mbona unakirudisha chakula changu, kina nini? Akaniambia anaota zege. Mtu mzima, Mwajabu, analia mbele ya sufuria. Nikamwambia, basi kuanzia leo unaye ndugu."

Walifanya kama babu zao walivyofanya. Wakatafuta kuku, wakachoma ini. Kila mmoja akachanjwa kifuani, ini likapakwa damu, huyu akala ya yule na yule akala ya huyu. Kisha wakasugua chale kwa chale. Mzee mmoja akasimama juu yao akinoa visu viwili kimoja kwa kingine na kusoma kiapo: ukimnyima ndugu yako chakula, damu hii ikugeuke, ukimwacha azikwe na watu baki, damu hii ikugeuke, ukiijua njia ya kifo chake ukanyamaza, damu hii ikugeuke.

"Na tangu siku hiyo sikuugua hata mafua," alisema baba kwa fahari. "Nilijua ni baraka ya kiapo."

Mwajabu alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakujua acheke au alie. Ilikuwa baraka kweli, angalau kwa miaka ile. Mbolea ya Semkiwa ilikuwa imeingia kupitia chale, ikatafuta mifupa kama ilivyofundishwa, ikakaa ndani ya mtu mzima asiyeihitaji na kumlisha vichocheo kila siku. Baba akanawiri. Halafu seli yake moja ikaharibika, kama zinavyoharibika za mtu yeyote, na badala ya kufa njaa ikakuta meza imeandaliwa. Ugonjwa ulikuwa wa baba mwenyewe. Chakula chake ndicho kilikuwa cha Semkiwa. Damu ilikuwa imemgeuka mtu ambaye hakuvunja hata neno moja la kiapo, na Mwajabu alishindwa kabisa kuona mantiki ya jambo hilo.

* * *

Daktari Shemweta ndiye aliyelifanya jambo liwe gumu zaidi, kwa kulirahisisha.

"Si umeshapata jibu? Tunatengeneza kifukuzi cha hiyo namba. Mwenye nyumba akiondoka, mpangaji atakosa wa kumshika. Dawa ile ile iliyoponya kivuli itamponya na baba yako."

Vifukuzi vilikuwa kitu cha kawaida. Mtu akizidiwa na mbolea yake hutengenezewa kirusi kilichofundishwa namba moja tu. Kinaenea mwili mzima, kinapenya mpaka ndani ya mifupa, kinaua seli zenye namba hiyo na kuacha nyingine zote salama. Ili kifike huko lazima kizaane, na kikizaana kinatoka kwa pumzi na kwa mate. Watu wa Kwediboma walikuwa wanaambukizana vifukuzi mwaka mzima bila kujua, na hakuna aliyejali, kwa sababu kifukuzi cha namba ya mwenzako hakina cha kuua ndani yako.

"Daktari, namba hiyo ina watu wawili."

Shemweta alitua bilauri.

"Mzee Semkiwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu," Mwajabu aliendelea. "Mimi nitakipata kutoka kwa baba, muuza duka atakipata kwangu, na yeye atakipata dukani. Uboho wake ulishaungua. Anaishi kwa mbolea hiyo tu."

"Apewe mbolea mpya."

"Kwa umri wake haishiki. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Ndiyo," Shemweta alikiri. Alitembea mpaka mlangoni akarudi. "Waliotunga utaratibu huu hawakuwaza kwamba watu wazima wangekaa na kulishana maini yenye damu."

"Hawakuuliza. Wangeuliza, Mzigua yeyote wa huku angewaambia."

Shemweta aliichukua tena bilauri yake. Kisha akasema, taratibu, kwamba yeye ni daktari wa mgonjwa aliyelala kitandani kwake. Kifukuzi atakitengeneza. Kukitoa au kutokitoa, hilo ni la familia, na familia wamejichagulia wenyewe ni nani aliyemo ndani yake.

Mwajabu alimchukia kwa neno hilo, kisha akaona kwamba hajakosea.

* * *

Baba alikataa hata kabla Mwajabu hajamaliza kumweleza.

"Usinipe."

"Utakufa, baba."

"Nitakufa. Na yeye je? Nimeshaijua njia ya kifo chake, umeniambia wewe hapa. Nikinywa hiyo dawa mimi ni nani?"

"Usipokunywa, yeye naye ni nani? Mbolea yake ndiyo inayokulisha ugonjwa."

"Yeye hajui."

"Nikimwambia?"

Baba alimkazia macho. "Ukimwambia atakuja kukuomba unipe. Ndiyo maana hutamwambia."

Mwajabu alimwambia siku hiyo hiyo. Alijishawishi kwamba ni haki ya mzee kujua kilichomo mwilini mwake. Hiyo ilikuwa kweli, lakini kweli nyingine ni kwamba alimtaka baba yake awe hai, na alikuwa anatafuta mtu wa kumruhusu. Alijiona vibaya tangu anapiga hodi.

Mzee Semkiwa alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuua?"

"Hapana, mzee. Ugonjwa ni wake."

"Lakini unakula kwangu."

"Unakula kwako, ndiyo."

"Nikifa leo, je, utaacha?"

"Hapana. Zilizo ndani yake zinaishi zenyewe sasa."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka ufunguo. "Mimi nilidhani nimempa kitu kizuri," alisema. "Kilikuwa ndicho pekee nilichokuwa nacho."

Mwajabu alilia. Hakujua analia kwa ajili ya nani, na mzee hakumuuliza. Alimwacha amalize, kisha akaanza kuuliza maswali ya maana: kirusi hicho kinapitaje, kinaishi muda gani hewani, kinashuka chini ya ardhi au hakishuki. Mwajabu alimjibu kwamba hewa inayoshushwa kambi ya chini hupitishwa kwanza kwenye moto, na anayeshuka hupimwa virusi kabla ya kuingia kambini. Huko hakifiki kitu.

"Basi nitashuka."

"Mzee, huko si ndiko ulikokuwa unaota—"

"Nilikuwa kijana. Kijana anaogopa vitu." Alisimama. "Wanahitaji wazee wa kuwafundisha wageni, watanipokea. Baba yako tumwambie nimekwenda Korogwe kumtazama mtoto wa marehemu rafiki yangu. Nikishashuka, wewe mpe. Usimwambie ni nini. Asipojua, kiapo hakimshiki."

Alisema kwa wepesi mno. Mwajabu angepaswa kuutilia shaka wepesi huo, lakini mtu aliyepewa anachokitaka hachunguzi sana.

* * *

Baba aliruhusiwa kurudi nyumbani, kwa kuwa hospitali haikuwa na jipya la kumpa. Siku ya Alhamisi Mwajabu alimsindikiza Mzee Semkiwa hadi kwenye geti la shimo. Mzee alikuwa na begi dogo na kofia yake ya zamani ya kazi. Mlinzi alimtambua, akamwita mkongwe, akamfungulia. Lifti ilikuwa kizimba cha chuma chenye taa ya manjano, na mzee aliingia bila kugeuka nyuma. Geti likafungwa. Mwajabu alibaki amesimama mpaka mlio wa nyaya ulipokwisha kabisa.

Njiani kurudi alijaribu kupima kama amefanya jambo jema au baya. Alilipima huku na huku, halikukaa. Kila mtu alikuwa amepata alichokiomba isipokuwa baba, ambaye alikuwa ameomba jambo moja tu, na hilo ndilo alilokuwa anakwenda kumnyima. Akawaza pia zile kuta. Mzee angekufa huko siku moja, kwa uzee, na nani angemdai? Atamdai yeye Mwajabu. Alijiapia kwamba atamdai yeye, ingawa hakujua kama kampuni ingemhesabu binti wa ndugu wa kuchanjiana kuwa ndugu.

Ijumaa asubuhi aliamka akapika uji wa ulezi. Kifukuzi kilikuwa matone machache, hayana rangi wala harufu. Aliyamimina, akakoroga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baba alikuwa ameegemea mito kwenye kitanda alichotandikiwa sebuleni. Alikunywa kiasi cha nusu, akatua kikombe juu ya stuli.

"Leo umeweka nini humu?"

"Vitamini."

"Vina ladha ya kutu."

"Ndivyo vilivyo, baba."

Alimwangalia kidogo, akaamua kuamini. Na hapo Mwajabu alipokuwa anajifunza namna ya kupumua tena, akasikia sauti uani.

"Hodi humu ndani."

Aligeuka. Mzee Semkiwa alikuwa amesimama mlangoni na begi lake dogo, viatu vimejaa vumbi jeupe la mawe. Mwajabu alimwendea mbio, akasimama katikati ya mlango, akaeneza mikono kama anayezuia mbuzi.

"Hapaingiliki, mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Ameshakunywa. Ondoka. Ondoka sasa hivi, bado kuna muda. Nitakukodia gari."

"Niliona utakuwa umempa," mzee alisema, naye kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana nimekuja sasa, sikuja mapema. Ningekuja mapema usingempa."

"Uliniambia utashuka."

"Nilishuka, mwanangu. Nimelala huko. Walinipokea kwa furaha, wakanionyesha kuta mpya wanazomimina, nikashika kwa mkono. Bado zina joto." Alimwekea kiganja begani. "Nilichanjwa kifuani ili nisizikwe humo. Leo nirudi mwenyewe kwa miguu yangu? Sasa mimi na yeye tulichanjiana kwa ajili gani?"

"Utakufa."

"Nitakufa hapa. Kuna mtu wa kunizika. Na atakuwa mzima, ana nguvu za kuchimba, kwa sababu umempa dawa. Nipishe, mama."

Alimsogeza taratibu, bila nguvu, na Mwajabu akasogea. Baadaye angejiuliza sana juu ya hatua ile moja ya kusogea, kama ilikuwa heshima au woga, au kama ndani kabisa kulikuwa na mtu aliyekwisha kupata alichokitaka na kuchoka kupigana.

"Wewe si uko Korogwe?" baba aliuliza, uso umemchangamka.

"Nilifika stendi nikageuza. Mtu wa umri wangu anakwenda kukaa mahali asipojua mtu, kutafuta nini?"

"Si nilikwambia? Nilimwambia Mwajabu, huyu hafiki. Kaa. Umekunywa chai?"

"Nitakunywa nini na nimetembea tangu alfajiri?"

Alikaa kwenye mkeka, karibu kabisa na baba, akaegemeza mgongo kwenye kitanda chake. Baba akachukua kikombe juu ya stuli, akamnyooshea.

"Anza na huu. Mimi hauniingii."

"Baba mdogo," Mwajabu alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Wote wawili walimgeukia. Baba alitabasamu, akadhani ni adabu iliyochelewa. Mzee Semkiwa alishika kikombe kwa mikono miwili na kungoja, uso wake ukiwa umetulia, naye Mwajabu akaelewa kwamba anaachiwa nafasi ya kusema. Angesema neno moja tu. Baba angejua amenyweshwa nini na ni nani aliyemnywesha, na kikombe anachomkabidhi ndugu yake kwa mkono wake mwenyewe ni kikombe gani. Mzee hangeondoka, na pumzi ya baba ingemfikia hata bila kikombe, kwa hiyo neno lisingemwokoa yeyote. Lingemwondolea tu baba kutokujua kwake, na kutokujua huko ndicho kitu pekee Mzee Semkiwa alichokuwa amekuja kukilinda.

"Naam, mwanangu," alisema mzee.

"Nilitaka kukupikia mwingine wa moto."

"Huu unatosha."

Aliunywa wote, bila haraka, akafuta midomo kwa nyuma ya kiganja.

"Sukari kidogo," alisema.

"Hajui kupika huyu," alisema baba. "Kesho ongeza sukari, Mwajabu. Ndugu yangu hawezi kunywa uji wa namna hii."

"Nitaongeza," alisema Mwajabu, akachukua kikombe kwenda kukiosha.